Ruta imekufa Luvungi? Kabla ya kununua ingine, umeme kwanza

Katika kituo kama Luvungi, kwenye bonde la Ruzizi, ofisi ndogo ya kupiga mashini na fotokopi yenye kompyuta tatu, printa moja na kisanduku kimoja cha wifi inaweza kulisha familia mbili. Siku kisanduku kile kinapozimika, mwanafunzi aliyekuja kutoa karatasi za shule anarudi mikono mitupu, mwenye depo anayetuma fakture Uvira anatafuta pengine, na vijana waliokuwa wanalipa kwa saa ili watumie wifi wanahamia kwa jirani. Mwenye ofisi anachukua makuta ya wiki nzima, anapanda gari kwenda Bukavu kwa njia ya Ngomo, ao anapitia Bugarama upande wa Rwanda, ananunua ruta mpya. Baada ya miezi miwili, ile mpya nayo imekufa.

Mara nyingi watu wanasema ni bahati mbaya ao ni vitu vya Kichina. Lakini ruta nyingi zinazokufa bondeni zilichaguliwa vibaya tangu dukani. Mnunuzi aliangalia idadi ya antena na ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye karatoni, hakuangalia kamwe ruta inakula umeme gani, inakubali SIM ya nani, na kama aliyeitengeneza bado anaishughulikia. Na hayo matatu njo yanayoamua kama kazi itasimama ao itaendelea.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwanzo wa mwaka 2025, wakati benki zilipofunga milango Goma na Bukavu. Tangu hapo kazi nyingi za pesa, za makaratasi na za kuagiza bidhaa zimeegemea simu na intaneti. Kukatika kwa siku mbili si mchezo tena.

Je, ni ruta kweli iliyokufa?

Swali hili linarukwa karibu kila mara, na kulirukia ni kutupa pesa. Kuna vitu vine vinavyoweza kufanya wifi ionekane imekufa wakati ruta yenyewe iko mzima.

Cha kwanza ni mnara. Fundi mwenye akili anaanza kwa kutoa SIM ndani ya ruta na kuiweka kwenye simu ya kawaida. Kama simu nayo haipati intaneti pale pale, basi ruta haina kosa, tatizo liko kwa mtandao ao forfe imekwisha. Cha pili ni wifi yenyewe: kompyuta moja inaunganishwa kwa kamba moja kwa moja na ruta. Kama kwa kamba intaneti inapita na kwa wifi haipiti, kisanduku kinaweza kuwa kimejaa tu, ao majirani wote wanatumia njia ileile ya mawimbi. Kwenye wifi ya gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizogongana, namba 1, 6 na 11. Kubadilisha njia hakuombi hata franka moja.

Cha tatu ni mipangilio iliyopotea. Umeme ukikatika na kurudi mara tano kwa dakika, ruta ndogo zinaweza kusahau kila kitu na kurudi kama zilivyotoka kiwandani. Taa zinawaka vizuri, lakini jina la wifi limebadilika na intaneti haiko.

Cha nne njo kinachodanganya watu zaidi: adapta, ile chajeri ndogo nyeusi inayochomekwa kwenye prizi. Ndani yake kuna vipande vinavyokauka polepole kwa joto. Bondeni, chini ya bati, joto halikosekani. Adapta iliyochoka haifi siku moja. Inaendelea kutoa volti 12 ikiwa haina mzigo, lakini watu kumi wakiingia kwenye wifi na ruta ikahitaji nguvu zaidi, volti zinaanguka, ruta inajizima na kujiwasha yenyewe. Mwenye ofisi anaona ruta inajiwasha-washa, anasema imekufa. Kumbe adapta ya bei ya chakula cha siku moja ingetosha. Fundi mwenye multimeta anapima wakati ruta inafanya kazi, si wakati iko peke yake. Na anapobadilisha anaangalia mambo matatu kwenye kibandiko: volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa ao zaidi, na kichwa cha waya kiwe na chanya mahali palepale. Ampea zikizidi hakuna ubaya. Volti zikizidi, ruta inaungua kweli.

Umeme unachagua ruta

Mto Ruzizi unapita kando ya bonde, na mabwawa ya Ruzizi ya kwanza na ya pili yako juu yake, upande wa Bukavu. Hata hivyo, wenye biashara wengi bondeni wanaishi na mchanganyiko: paneli ya sola na batri, grupe ya mafuta saa za jioni, na waya wa umeme pale unapofika na siku unapokubali. Ruta iliyotengenezwa kwa nyumba ya Ulaya, yenye umeme wa 220 usiotikisika, haikufikiriwa kwa maisha hayo.

Ruta nyingi, hata zile Huawei za SIM kama B310 na B311, zinakula volti 12 na ampea 1, maana yake wati 12 kwa juu kabisa. Kwa kawaida zinatumia chini ya hapo. Tuseme wati 8. Batri ndogo ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ya aina inayowekwa kwenye UPS, inabeba wati-saa 84. Batri ya risasi haipendi kumalizwa. Ukitaka iishi, unatumia nusu tu, yaani 42. Gawanya kwa 8: saa 5 hivi. Batri ya ampea-saa 20 kwa hesabu ileile inatoa saa 15, inavuka usiku.

Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayetoa umeme wa batri na kuupeleka moja kwa moja kwa ruta. Wengi hawafanyi hivyo. Wanachukua volti 12 za batri, wanazipitisha kwenye konvertisere ili ziwe 220, halafu adapta inazirudisha tena kuwa 12. Ni sawa na mtu anayetoka Luvungi kwenda Sange na kupitia Bukavu. Konvertisere ndogo za bei ya chini zinakula wati kadhaa hata zikiwa hazina kazi, na kwa kitu kidogo kama ruta, hasara hiyo inaweza kukata saa za batri karibu nusu.

Kwa nini basi watu hawaunganishi ruta kwenye batri moja kwa moja? Kwa sababu batri ya “volti 12” haiko kwenye 12. Mchana paneli inapoichaji inapanda kufika 14.4, na jioni inashuka. Ruta iliyoandikwa 12V tu inaweza kuvumilia siku kadhaa, halafu inaungua. Dawa ni kipande kidogo cha kusawazisha volti kinachopokea zinazopanda na kushuka na kutoa 12 tu, ao kununua tangu mwanzo ruta inayokubali volti za upana.

Hapa kuna tofauti kubwa ambayo karatoni za madukani hazitangazi. MikroTik, kampuni ya Latvia, ina kisanduku kinachoitwa hEX (namba RB750Gr3) kinachokubali kuanzia volti 8 hadi 30. Teltonika ya Lithuania, ambayo ruta zake zinatumiwa ndani ya mabasi na viwandani, inaandika 9 hadi 30 kwenye RUT241 na RUT951. Visanduku hivyo havijali kama batri iko 11 ao 14. Na kwa mwenye makuta kidogo, GL.iNet inatengeneza karuta kadogo sana, GL-MT300N-V2, kanakotumia volti 5 kupitia tundu la USB na hakafiki wati 3: powerbank ya simu inakashikilia siku nzima. Si kila duka la Bukavu ao Uvira lina aina hizi, na bei ya Teltonika ni mara kadhaa ya ruta ya kawaida. Lakini mtu anayeagiza kupitia ndugu aliye Bujumbura ao Kampala anaweza kuandika jina kamili kwenye karatasi, badala ya kusema paka “uniletee ruta nzuri”.

Kuna pia zile batri ndogo nyeupe zinazouzwa kwa ajili ya ruta, zenye matundu ya volti 5, 9 na 12. Zinasaidia, ila wauzaji wanatumia hesabu ya ujanja. Kisanduku kilichoandikwa 10,000 mAh kinahesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, si kwa 12. Maana yake wati-saa 37. Kwa ruta ya wati 8, ukitoa kinachopotea njiani, ni kama saa 4. Muuzaji anayesema saa 12 anahesabu kwa mdomo.

Radi nayo isisahauliwe. Utafiti uliotoka 2016 kwenye jarida la chama cha wataalamu wa hali ya hewa cha Marekani ulipanga sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo huko Venezuela. Ya pili, na ya kwanza Afrika nzima, ilipewa jina la Kabare, hapa Kivu ya Kusini, na radi zaidi ya 200 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Radi haiombi kupiga nyumba yenyewe. Ikipiga karibu, nguvu yake inapita kwenye waya wa umeme ao wa antena iliyo juu ya bati na kuingia ndani ya ruta. Prizi ya bei ya chini yenye taa nyekundu haiizuii. Kinachosaidia ni waya wa kwenda ardhini uliofungwa vizuri, na tabia ya kuchomoa vyote viwili, umeme na antena, mvua ikianza kunguruma. Ruta ya dola 20 inayochomolewa inaishi kuliko ya dola 200 isiyochomolewa.

SIM mbili, mnara mmoja

Luvungi, sawa na sehemu kubwa ya bonde, intaneti ya biashara ndogo inatoka kwa minara ya simu: Vodacom, Airtel, Orange. Njo maana swali la pili dukani si kasi, ni hili: ruta hii imefungwa kwa mtandao mmoja? Ruta nyingi za SIM zilizo sokoni ziliuzwa mwanzo na kampuni ya simu, na zinakataa SIM ya mwingine. Muuzaji atasema imefunguliwa. Mnunuzi aende na SIM mbili za mitandao tofauti mfukoni, azijaribu zote mbili mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Ruta zinazotoka Marekani kwa njia ya Dubai zina mtego wao. Kila simu na kila ruta inasikia mawimbi fulani tu, ambayo mafundi wanayaita bendi. Zilizotengenezwa kwa Marekani zinategemea sana bendi 2, 4, 12 na 66. Afrika na Ulaya, 4G inapita zaidi kwenye bendi 3, 7, 8, 20 na 28. Ruta ya Kimarekani inaweza kuwa mpya kabisa, nzuri, bei ya chini, na ikifika bondeni haioni mnara wowote. Orodha ya bendi iko kwenye kibandiko ao kwenye ukurasa wa aliyeitengeneza.

Mtu mwenye kazi isiyoweza kusimama anatafuta ruta ya SIM mbili, kama ile RUT951, inayohamia yenyewe kwenye SIM ya pili ya kwanza ikikatika. Asiyeweza kununua hiyo anaweza kuchukua ruta yenye tundu la USB inayokubali simu ya kawaida: siku mtandao wa kwanza ukilala, simu yenye SIM ya mtandao mwingine inachomekwa pale kwa kamba, na ofisi nzima inaendelea. GL.iNet inafanya hivyo bila shida.

Ila SIM mbili si njia mbili kila mara. Hapa Kongo minara mingi haimilikiwi na kampuni za simu, inakodishwa. Helios Towers, kwa mfano, inaweka mnara mmoja na kuukodisha kwa mitandao kadhaa. Mnara huo una batri zake na mafuta yake. Barabara ikifungwa na mafuta yasifike, mitandao yote iliyo juu yake inalala pamoja, na mwenye SIM mbili anabaki kama mwenye SIM moja. Kujua hili hakuhitaji mashine. Kijitabu kinatosha: kwa wiki mbili, kila mtandao unapokatika, mtu anaandika saa na kuangalia kama mwingine nao umekatika. Kama Airtel na Vodacom zinaanguka dakika ileile kila mara, SIM ya pili itafutwe kwa Orange, ao kinyume chake.

Kijitabu hichohicho kinasaidia kuchagua mahali pa kuweka ruta. Ndani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta ya 4G kuna namba inayoitwa RSRP. Ikiwa kama -85 ao -90, hali ni nzuri. Ikifika -105, ni dhaifu. Ikipita -115, hata ruta ya bei kubwa itahangaika. Kuhamisha kisanduku kutoka nyuma ya kabati hadi dirishani kunaweza kuleta pointi kumi, na pointi kumi ni nyingi kuliko zinazonunuliwa dukani. Kama hata dirishani hali ni mbaya, basi ruta inayotafutwa lazima iwe na matundu ya antena ya nje. Zisizokuwa nayo, zenye antena ndani tu, zitabaki hivyo maisha yao yote.

Na jambo moja la mpakani. Ng'ambo ya mto ni Burundi, upande wa Cibitoke, na kuelekea Kamanyola kuna Rwanda. Ruta inayotafuta mnara wenye nguvu inaweza kudaka wa ng'ambo, na hapo unite zinaliwa kwa bei ya mgeni. Ndani ya mipangilio kuna sehemu ya kukataza kutumia mtandao wa nchi nyingine. Ifungwe siku ya kwanza.

Starlink inaulizwa sana. Kongo iliipa ruhusa Mei 2025, baada ya kuikataza mwaka mmoja mbele yake. Haitegemei mnara, hiyo ni kweli, lakini inategemea batri zaidi kuliko kitu kingine chochote kwenye ofisi: sahani ya kawaida inakula wati 75 hadi 100, ile ndogo wati 25 hadi 40. Batri iliyokuwa inashikilia ruta saa 15 itashikilia sahani ya kawaida saa moja na nusu hivi. Anayeitaka ahesabu paneli kwanza.

Kasi ya karatoni

Hapa hakuna mengi ya kusema. 300, 1200 ao 1800 iliyoandikwa kwenye karatoni ni kasi kati ya ruta na kompyuta, ndani ya chumba. Kama mnara unaleta megabiti 8, ofisi itapata 8, hata kama karatoni inasema 5000. Antena sita nazo hazivuti mnara; ni za wifi.

Kitu cha kuangalia ni kumbukumbu ya ndani. Ruta ndogo iliyoenea sana Afrika, TP-Link TL-WR841N, ina megabaiti 32 tu za kufanyia kazi. hEX ina 256. Simu moja yenye WhatsApp, Facebook na TikTok inafungua njia nyingi kwa wakati mmoja. Simu ishirini zikiwa ndani, kale kadogo kanajaa na kuganda, na mtu analazimika kukachomoa na kukachomeka. Kwa kompyuta mbili na printa, kanatosha. Kwa wifi ya kuuza kwa saa, hapana.

Ruta isiyo na dawa

Ruta ni kompyuta. Ina programu ndani, programu ina matundu, na aliyeitengeneza anatoa marekebisho ya kuyaziba. Siku moja anaacha. Tangu siku hiyo, kila tundu jipya linabaki wazi milele, hata kama kisanduku kinawaka vizuri na kinauzwa kama kipya.

Mei 2025, FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu ruta za zamani, nyingi zikiwa za Linksys, ambazo wezi waliziingia na kuziuza kama njia ya kujificha: mwizi anaiba mahali pengine, na alama zinazobaki ni za mwenye ruta. Mwezi uliofuata, CISA, ofisi ya Marekani ya usalama wa mitandao, iliweka kwenye orodha yake ya matundu yanayotumiwa na wezi aina za zamani za TL-WR940N, TL-WR740N na ile ile TL-WR841N. Hizo si ruta za mbali. Ni zile zinazokaa kwenye rafu za vitu vilivyotumika, na kwenye meza nyingi za ofisi ndogo.

Kwa mwenye ofisi Luvungi, hasara ya kwanza ni mega: forfe inaisha na hakuna aliyepakua kitu. Ya pili ni mbaya zaidi. Aliyeingia kwenye ruta anaweza kubadilisha anwani za kuongoza, mtu akiandika jina la benki ao la barua pepe anapelekwa kwenye ukurasa wa uongo unaofanana, naye anaandika neno lake la siri pale.

Jina kubwa peke yake si kinga. MikroTik ilipata tundu kubwa mwaka 2018. Kampuni iliziba Aprili mwaka ule, lakini wenye ruta hawakuweka marekebisho, na miezi iliyofuata mamia ya maelfu ya visanduku duniani viliingiliwa, vikatumiwa kuchimba pesa za kidijitali kwa umeme na mega za wengine. Kuweka marekebisho yale kunakula mega zisizofika hamsini.

Kwa hiyo dukani, kabla ya kutoa pesa, mnunuzi ageuze kisanduku na kusoma chini: jina kamili, na herufi V yenye namba inayofuata. V hiyo ni muhimu, kwa sababu TL-WR841N ya V8 na ya V14 ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Halafu aandike jina hilo kwenye simu, aende kwenye ukurasa wa kampuni, aangalie tarehe ya marekebisho ya mwisho. Kama ni ya miaka minne nyuma, ama pameandikwa kwamba haishughulikiwi tena, arudishe kisanduku kwenye rafu. Muuzaji atakasirika. Si kitu.

Wageni wasile mega za kazi

Ruta inayofaa ofisi inayouza wifi lazima ijue kufanya mambo mawili: kutoa wifi ya pili ya wateja isiyoona kompyuta za kazi, na kumpa kila mteja kipimo chake cha kasi. Bila hilo la kwanza, kijana anayelipa kwa saa yuko ndani ya nyumba moja na kompyuta yenye hesabu za depo na nakala za kartelekta za watu. Bila la pili, mteja mmoja anayeangalia mpira anazima ofisi nzima. MikroTik inafanya yote mawili vizuri sana, lakini ni ngumu kuipanga. Anayeichukua awe na fundi anayeijua, si fundi atakayejifunzia juu yake. Ruta nyepesi za nyumbani mara nyingi zina wifi ya wageni, lakini kipimo cha kila mtu hawana, ao wanacho kwa jina tu.

Na kompyuta zenyewe zisisahauliwe. Windows ikiambiwa kwamba mtandao huu unalipwa kwa kipimo, inapunguza sana kupakua marekebisho yake makubwa. Mwenye forfe ya mwezi ataona tofauti kabla ya wiki kwisha.

Siku ya kuleta mpya

Kabla ya gari kuondoka Bukavu, kisanduku kijaribiwe palepale: kiwashwe, kipewe SIM, kiachwe robo saa, halafu kichomolewe na kuchomekwa mara tano mfululizo. Kikisahau mipangilio mbele ya muuzaji, kitasahau pia Luvungi. Risiti iandikwe namba ya kisanduku na siku za dhamana, maana dhamana ya mdomo inaishia Nyangezi.

Ikishafika, neno la siri la kiwanda linabadilishwa kabla ya mteja wa kwanza kuingia. Ukurasa wa mipangilio unafungwa usifunguke kutoka nje. Mipangilio ikikamilika, ruta nzuri inakubali kuihifadhi kama faili. Faili hiyo inatumwa kwenye simu ya mwenye ofisi na ya mtu wa pili anayeaminika. Jina la APN ya mtandao, PIN ya SIM na neno la siri la ruta vinaandikwa kwenye karatasi, karatasi inafungwa ndani ya bahasha na kuwekwa mahali wageni hawafiki.

Ile ya zamani, kama ilikuwa adapta tu iliyokufa, isiuzwe wala kutupwa. Nyuma ya ruta mpya, bila SIM na bila kuangalia intaneti moja kwa moja, bado inaweza kupeleka wifi chumba cha pili, ao kukaa kwenye kabati ikisubiri siku ile ya mvua.